Ubelgiji: Mahali mkimbiaji anapotazama bendera kabla ya kufunga kamba za viatu

Mkimbiaji anayefika Baraque Michel, mashariki mwa Ubelgiji, hutazama mlingoti ulio mwanzoni mwa njia kabla hata ya kufunga kamba za viatu. Kama hakuna kitu juu yake, anaweza kuingia. Kama bendera nyekundu inapepea, futingi ya siku hiyo imekwisha kabla ya kuanza. Hakuna anayeruhusiwa kupita, awe mwanamichezo, mzee anayetembea polepole, au familia iliyotoka mbali na chakula chake kwenye gari.

Bendera hiyo inatangaza hatari ya moto. Mgeni anaweza kushangaa, kwa sababu mahali penyewe ni kinamasi. Mvua ya mwaka mmoja inafikia karibu milimita 1,400, ukungu unashuka bila kubisha hodi, na njia nyingi zimewekewa vibao vya mbao ili mguu usizame. Lakini kinamasi hiki kinaungua, na kikiungua, hasara yake hairudishwi katika maisha ya mtu mmoja.

Mahali hapo panaitwa Hautes Fagnes kwa Kifaransa, na Hohes Venn kwa Kijerumani. Ni uwanda wa juu ulio katika jimbo la Liège, karibu na mpaka wa Ujerumani. Kilele chake, Signal de Botrange, kina mita 694, nacho ndicho kilele cha Ubelgiji nzima. Mwaka wa 1923 walirundika pale kilima kidogo chenye ngazi, ili anayepanda aweze kusema amefika mita 700. Kwa mkaaji wa Bukavu, ambaye ziwa lake peke yake liko juu zaidi ya mita 1,400, hicho si kilele cha kuogopesha. Lakini kwa miaka mingi watu wamepotea humo, na wengine wamekufa.

Tangu mwaka wa 1957 eneo hilo ni hifadhi ya serikali, na leo lina zaidi ya hekta 4,000. Limekuwa pia uwanja unaopendwa na wale wanaokimbia porini badala ya barabarani. Kila anayeingia na viatu vya mbio anakutana na swali moja: mtu anaweza kupenda ardhi kwa miguu yake bila kuiharibu kwa miguu hiyo hiyo?

Milimita moja kwa mwaka

Ili kuelewa kwa nini vibao vimewekwa, ni lazima kuelewa kilicho chini yake. Ni turbe: udongo mweusi, mwepesi, wenye majimaji, uliotokana na mimea iliyokufa bila kuoza kabisa. Maji yamejaa, hewa haiingii, na wadudu wadogo wanaozesha majani hawawezi kufanya kazi yao. Mimea ya mwaka huu inalala juu ya ile ya mwaka jana, na hivyo hivyo kwa maelfu ya miaka.

Mjenzi mkubwa wa turbe hapa ni kuvu la majimaji liitwalo sfagnum. Halina mizizi. Linakua kwa juu na kufa kwa chini, na linaweza kubeba maji mara nyingi kuliko uzito wake likiwa kavu. Ukilishika na kulikamua, maji yanatoka kama kwenye sponji ya kuoshea vyombo.

Kazi hiyo ni ya polepole sana. Turbe inaongezeka kwa karibu milimita moja kwa mwaka. Mtoto aliyezaliwa leo akifikisha miaka 50, ardhi itakuwa imepanda kwa sentimita 5 hivi. Mahali pengine katika Hautes Fagnes turbe ina kina cha mita kadhaa, yaani imeanza kujengwa tangu ile baridi kali ya zamani ilipoondoka Ulaya.

Mkimbiaji mmoja akitoka nje ya kibao, kiatu chake kinakandamiza sfagnum na kuacha shimo. Shimo linajaa maji. Anayemfuata hataki kulowa, anazunguka pembeni na kuacha shimo lake. Wa tatu anazunguka zaidi. Baada ya msimu mmoja, njia iliyokuwa na upana wa mtu mmoja imekuwa matope mapana kama barabara ya lori. Hakuna aliyekusudia mabaya. Kila mmoja aliokoa soksi zake tu.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kukimbia hapa ni kupita katikati ya njia hata kama kuna maji. Kiatu kitakauka jioni. Turbe iliyokanyagwa inahitaji miaka.

Kutoka kwenye vibao mpaka msituni

Njia fupi na nyepesi zaidi inaanzia Mont Rigi na kuzunguka Fagne de la Poleûr juu ya vibao. Ni njia ambayo familia nyingi huanza nayo, na mkimbiaji anayefika pale siku ya Jumapili saa nne asubuhi atalazimika kwenda polepole, kwa sababu kibao hakina nafasi ya kupishana kwa mbio. Asubuhi ya baridi vibao vinateleza kama sabuni. Wenye uzoefu hufupisha hatua, huinua goti kidogo, na hawageuki kwa ghafla.

Kutoka Baraque Michel, njia nyingine inafuata mpaka wa zamani. Kati ya mwaka wa 1815 na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, mpaka wa inchi ulipita katikati ya kinamasi hiki: upande mmoja Prussia, na upande mwingine kwanza Uholanzi, kisha Ubelgiji. Mawe ya mpaka bado yamesimama, yenye herufi B upande mmoja na P upande mwingine. Mkimbiaji anayapita moja baada ya jingine, katika uwanda usio na mti wa kumkinga upepo.

Anayechoka na upepo anashuka bondeni. Mito inayozaliwa kwenye kinamasi inakimbilia chini ndani ya misitu, na njia zinaifuata. Bonde la mto Hoëgne, upande wa Hockai na Solwaster, linajulikana kwa maporomoko yake madogo na vidaraja vya mbao vinavyohamisha njia kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Hapa adui si turbe tena bali ni mizizi na mawe yenye unyevu. Upande wa mashariki, mto Hill unapita kati ya uwanda na misitu ya Eupen, mahali penye ukimya mkubwa zaidi na watu wachache.

Kwa siku moja mkimbiaji anaweza kuonja vyote: vibao, mawe ya mpaka, msitu na maji. Lakini hawezi kupita popote anapotaka. Hifadhi imegawanywa katika kanda nne. Kanda A ni wazi kwa wote. Kanda B inaruhusiwa kwa yule anayebaki kwenye njia zenye alama. Kanda C inahitaji kiongozi anayetambuliwa. Kanda D imefungwa. Mbwa hawaingii katika sehemu zinazolindwa, hata kwa kamba. Na anayetaka kuandaa mashindano ya mbio katika misitu ya Wallonie anahitaji kwanza ruhusa ya idara ya serikali inayosimamia mazingira na misitu.

Wachumba wa mwaka 1871

Si mbali na Baraque Michel, karibu na jiwe la mpaka, kuna msalaba. Wakimbiaji wengi husimama hapo hata kama saa ya mkononi inaendelea kuhesabu.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 1871, kijana François Reiff, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ujenzi wa bwawa la Gileppe, na mchumba wake Marie Solheid waliondoka Jalhay kwa miguu. Walikuwa wakienda Xhoffraix, kijiji cha Marie kilichokuwa upande wa Prussia, kutafuta karatasi za ndoa. Ilibidi wavuke kinamasi. Theluji iliwakuta njiani, na hawakufika. Miili yao ilionekana baada ya miezi miwili, theluji ilipoyeyuka, kila mmoja mahali pake.

Wakaaji wa hapo waliijua hatari hiyo zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, mtu aitwaye Michel Schmitz alijenga kibanda kwenye uwanda huo, na jina la Baraque Michel linatokana naye. Ukungu uliposhuka, kengele ililia pale ili aliyepotea asikie na kuifuata. Karibu na hapo kilijengwa kikanisa, ambacho taa yake iliwaongoza wasafiri.

Leo kuna barabara ya lami, kuna simu. Lakini ukungu haujabadilika. Jasho likipoa mwilini katika upepo wa mwezi wa kwanza, mtu aliyevaa fulana nyepesi ana muda mfupi wa kufanya makosa. Wenye busara hubeba koti la mvua, humwambia mtu wa nyumbani njia watakayopita, na hurudi nyuma pale alama ya njia inapopotea machoni. Kukata njia ya mkato hapa ni hatari kwa mkimbiaji na kwa turbe vilevile.

Mitaro ya mababu, deni la wajukuu

Mgeni anayekimbia huko anaweza kufikiri anaona pori lisiloguswa. Si kweli. Kwa karne nyingi wanavijiji walichunga kondoo hapa, walikata majani ya mifugo, na walichimba turbe na kuikausha ili kuwasha moto nyumbani, kama wengine wanavyotumia makala. Kuta za mashimo yao bado zinaonekana.

Badiliko kubwa lilikuja katikati ya karne ya 19. Mwaka wa 1847 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kuzifanya ardhi zilizoitwa zisizolimwa ziwe na faida. Kinamasi kilihesabiwa kuwa mali iliyolala bure. Pande zote mbili za mpaka mitaro ilichimbwa ili kuondoa maji, na misonobari ya kigeni ikapandwa kwa mistari iliyonyooka kwa ajili ya mbao. Mahali pengi miti haikustawi. Mizizi yake ilibaki juu juu na upepo ukaiangusha. Lakini mitaro iliendelea na kazi yake. Maji yalipoondoka, hewa iliingia kwenye turbe, na ile akiba ya maelfu ya miaka ikaanza kuoza na kutoa hewa ya kaboni angani. Nyasi ngumu zikachukua mahali pa sfagnum.

Kati ya mwaka wa 2007 na 2012, mradi mkubwa uliolipiwa na Umoja wa Ulaya pamoja na mkoa wa Wallonie ulifanya kazi iliyo kinyume kabisa. Misonobari ilikatwa. Mitaro ilizibwa kimoja kimoja. Mabwawa mapana yasiyo na kina yalitengenezwa ili maji yakae na sfagnum lirudi. Kwa maneno mengine, inchi tajiri ililipa ili kufuta kazi ambayo ililipa ifanywe miaka 150 kabla.

Maji hayo si jambo la ndege na maua tu. Mwezi wa saba mwaka wa 2021, mvua kubwa ilijaza bonde la Vesdre, ambalo hupokea mito mingi inayotoka Hautes Fagnes, ukiwemo Hoëgne. Ubelgiji ilipoteza karibu watu 40, na wengi walikufa katika bonde hilo. Kinamasi kilichojaa maji hakiwezi kumeza mvua yote ya dunia, na hakuna anayeweza kusema kwamba kuvu lingezuia msiba ule. Lakini mtaro ulionyooka huteremsha maji haraka zaidi kuliko ardhi yenye kuvu na madimbwi. Wakaaji wa Kalehe, waliozika zaidi ya watu 400 baada ya mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi mwezi wa tano mwaka wa 2023, hawahitaji kufundishwa kwamba yanayofanywa juu ya mlima yanalipwa chini yake.

Moto juu ya maji

Kumbe kinamasi kinaunguaje? Jibu liko kwenye zile nyasi ngumu. Mwisho wa baridi kali, majani ya mwaka uliopita yamelala makavu juu ya uwanda wote, na mapya bado hayajaota. Siku chache za jua na upepo zinatosha. Ndiyo maana bendera nyekundu hupandishwa mara nyingi majira ya kuchipua, wakati mgeni anaona maji chini ya vibao na kudhani hakuna hatari.

Mwezi wa nne mwaka wa 2011, zaidi ya hekta 1,000 ziliungua. Mwisho wa mwezi wa tano mwaka wa 2023, moto mwingine uliteketeza zaidi ya hekta 100. Turbe ikikauka, moto unaweza kuingia chini na kuendelea polepole mahali ambapo macho hayaoni.

Majira hayo hayo ndiyo ya ndege anayeitwa tétras-lyre kwa Kifaransa, aina ya kuku wa porini ambaye dume lake ni jeusi na lina mkia uliopinda pande mbili. Ndiye nembo ya Hautes Fagnes. Alfajiri madume hukusanyika uwanjani na kucheza ili kuchaguliwa na majike. Wamekuwa wachache kiasi kwamba tangu mwaka wa 2017 ndege kutoka Sweden wamekuwa wakiletwa na kuachiliwa huko. Mtu anayepita mbio alfajiri, nje ya njia, akiwa na taa kichwani, anaweza kuwatawanya. Ndege anayeruka kwa hofu anatumia nguvu aliyoihifadhi kwa ajili ya baridi au ya mayai. Kwa hiyo sehemu fulani hufungwa wakati wa uzazi, na mkimbiaji anatafuta njia nyingine.

Na turbe ya kwetu?

Msomaji wa Goma, Bunia au Uvira anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu Ubelgiji inatunza mabaki, wakati Kongo ina akiba yenyewe.

Mwaka wa 2017 wanasayansi walichapisha ramani ya kwanza ya turbe iliyo chini ya misitu ya kinamasi ya Cuvette centrale, katika Kongo mbili. Walikadiria kwamba inashika tani bilioni 30 hivi za kaboni. Utafiti wa mwaka wa 2022 ulionyesha eneo lenye karibu kilomita za mraba 167,600, ambalo theluthi mbili yake iko katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya ukubwa wa Ubelgiji nzima. Kina chake kwa wastani ni mita 2 tu, lakini sehemu kubwa haijakatwa na mitaro. Mwaka wa 2022 Kinshasa ilizindua mnada wa vitalu vya mafuta, na baadhi yake viliingia kwenye turbe hiyo. Mnada ulifutwa mwaka wa 2024, lakini mjadala haukuzikwa pamoja nao.

Karibu zaidi na Kivu, turbe ni kitu cha kila siku. Burundi ina ofisi ya serikali inayoichimba. Rwanda ilijenga kituo cha umeme cha Gishoma, chenye megawati 15, katika wilaya ya Rusizi, ng'ambo tu ya Bukavu, ili kuichoma. Anayehitaji taa leo usiku hawezi kuambiwa kirahisi asubiri milimita moja kwa mwaka. Hapo ndipo ugumu ulipo, na Wabelgiji wenyewe waliupitia walipokuwa wakipasha moto nyumba zao kwa udongo huo.

Kuna somo jingine ambalo ni gumu kidogo. Katika mbuga nyingi za mashariki mwa Kongo, mlinzi na mkaaji wa pembeni wanakutana kama wagomvi. Wabatwa walioondolewa Kahuzi-Biega miaka ya 1970 wanajua maana ya hifadhi yenye mlango mmoja tu, tena uliofungwa. Kanda nne za Hautes Fagnes haziwezi kuhamishwa kama zilivyo mpaka penye bunduki na njaa. Lakini zinaonyesha kwamba kati ya kufungua kote na kufunga kote kuna hatua nyingine, na kwamba watu wanaopita mahali kila wiki ndio wa kwanza kuona moshi au alama iliyoanguka.

Jioni inapoingia Baraque Michel, wakimbiaji hurudi na miguu myeusi hadi kwenye magoti. Ni alama ya wale waliopita katikati ya dimbwi badala ya kulizunguka. Kesho yake wanatazama tena mlingoti. Ikiwa bendera nyekundu iko juu, wanageuza gari na kwenda kukimbia mahali pengine.